Dawa Wameiondoa, Maumivu Wametuachia

Mwanzoni mwa Oktoba 2004 kaka yangu, aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Marekani, alimpigia simu mama yetu Tanga. Baada ya salamu na kuulizana hali za watoto, alimweleza kuwa vile vidonge vya magoti, alivyoandikiwa na daktari wa huko alipokwenda kumtembelea mwaka 2002, havitapatikana tena. Vidonge hivyo vilikuwa vimemrudisha mama kwenye mkeka wa swala, akirukuu na kusujudu kama zamani, baada ya miaka mitatu ya kuswali juu ya kiti. Mama alidhani vimepanda bei. Kaka akamwambia la, vimeondolewa sokoni, imeonekana vinadhuru moyo. Mama akanyamaza, kisha akauliza: "Na goti nalo wameliondoa?"

Miaka zaidi ya 20 imepita na bado sijamsikia waziri, mdhibiti wala profesa wa udaktari akiliuliza swali hilo hadharani. Ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Naomba nieleweke tangu mwanzo. Mimi si daktari wa tiba. Nafundisha sayansi ya siasa, na wasomaji wangu wamezoea kunikuta nikizungumzia bajeti, katiba na uchaguzi. Lakini siasa ni elimu ya nani anapata nini, na nani anabebeshwa gharama ya maamuzi ya wengine. Kwa kipimo hicho, kidonge kinachoondolewa sokoni ni jambo la kisiasa sawasawa na kodi ya mafuta. Hoja yangu ni hii: mamlaka inayomwondolea mgonjwa dawa kwa haki ya kumlinda hubaki na deni la kumwonyesha atumie nini badala yake. Deni hilo kwa kawaida halilipwi. Hulilipa mgonjwa mwenyewe, kwa tumbo lake, kwa figo zake na kwa moyo wake.

Dawa ya mama iliitwa Vioxx. Ilisajiliwa Marekani Mei 1999, ikaja na ahadi iliyokuwa na mantiki kabisa. Dawa za zamani za kutuliza maumivu ya viungo, za jamii ya ibuprofeni, diklofenaki na naproksini, huzuia vimeng'enya viwili mwilini. Kimoja huchochea uvimbe na maumivu. Cha pili hulinda ukuta wa tumbo. Ukivizuia vyote viwili, goti linatulia lakini tumbo linachubuka, na mzee anayemeza dawa hizo kwa miezi anaweza kuvuja damu tumboni bila kujua. Vioxx ilibuniwa ikizuie kile cha kwanza na kukiacha cha pili kiendelee na kazi yake. Kwa wazee waliokuwa wamechoka kuchagua kati ya goti na tumbo, hiyo ilikuwa habari njema.

Lakini kile kimeng'enya cha kwanza kilikuwa na kazi nyingine: kusaidia kuzuia damu isigande ndani ya mishipa. Dalili za hatari zilijitokeza mapema. Utafiti uliochapishwa Novemba 2000, ukiwa na wagonjwa zaidi ya 8,000, ulionyesha kuwa waliomeza Vioxx walipata madhara machache zaidi ya tumbo kuliko waliomeza naproksini, ila mashambulio ya moyo yalikuwa mengi zaidi upande wao. Kampuni ya Merck, mwenye dawa, ikaeleza kwamba huenda ni naproksini iliyokuwa ikiulinda moyo. Onyo kuhusu moyo lilingoja hadi Aprili 2002 kuingizwa katika maelezo ya dawa. Kisha ukaja utafiti mwingine, uliokusudiwa kutazama kama dawa hiyo inazuia vinyama vya utumbo mpana visirudi. Huo uliwalinganisha waliomeza Vioxx na waliomeza kidonge kisicho na dawa, na ukaonyesha kuwa baada ya miezi 18 hatari ya shambulio la moyo na kiharusi ilikuwa imepanda hadi karibu mara mbili. Tarehe 30 Septemba 2004 Merck iliiondoa Vioxx duniani kote. Ilikuwa ikiuzwa katika nchi zaidi ya 80, na mwaka uliotangulia ilikuwa imeingiza kiasi cha dola bilioni 2.5.

Yaliyofuata yanajulikana. Novemba 2004 Dk. David Graham, mtumishi wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, alisimama mbele ya Kamati ya Fedha ya Baraza la Seneti na kulishutumu shirika lake mwenyewe kwa kushindwa kuwalinda wananchi. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake walichapisha makadirio kuwa huenda Wamarekani kati ya 88,000 na 140,000 walipata ugonjwa mkubwa wa moyo ambao wasingeupata kama si dawa hiyo. Mwaka 2007 Merck ilikubali kulipa dola bilioni 4.85 kumaliza maelfu ya kesi, bila kukiri kosa. Mwaka 2011 ikakubali kulipa dola milioni 950 nyingine kumaliza mashtaka ya jinai na madai ya kiraia kuhusu namna ilivyoinadi dawa hiyo.

Vitabu, vikao vya Seneti na mihadhara juu ya kashfa hii havihesabiki, na mimi mwenyewe nimekuwa nikiifundisha darasani kama mfano wa udhibiti uliotekwa na wadhibitiwa. Lakini hadithi hiyo huishia pale dawa inapoondolewa, kama kwamba pazia limeshuka na watazamaji wamekwenda makwao. Kwa mgonjwa, siku hiyo ndiyo mwanzo wa hadithi. Tarehe 1 Oktoba 2004 mamilioni ya watu waliamka na magoti yaleyale, viuno vilevile, vidole vilevile visivyofungika vifungo vya shati. Wakauliza: sasa tumeze nini?

Jibu la kwanza lilikuwa ndugu wa dawa ileile. Wengi Marekani walihamishiwa Celebrex na Bextra, vidonge vya ukoo mmoja na Vioxx. Februari 2005 Mamlaka ya Chakula na Dawa iliita jopo la washauri 32 kuamua hatima ya ukoo mzima. Kwa kura 17 dhidi ya 15 jopo lilisema hata Vioxx yenyewe inaweza kurudi. Baada ya siku chache gazeti la New York Times likaeleza kuwa 10 kati ya washauri hao walikuwa wamepata kufanya kazi ya ushauri kwa watengenezaji wa dawa hizo. Bila kura zao, Vioxx ingekataliwa kwa kura 14 dhidi ya 8. Haikurudi. Aprili 2005 Bextra nayo ikaondolewa, na Celebrex ikabaki ikiwa na onyo zito. Mfikirie basi mgonjwa aliyetii kila alichoambiwa. Ndani ya miezi saba amenyang'anywa dawa ya kwanza, akapewa ya pili, ya pili ikaondolewa, na ya tatu akaambiwa aimeze kwa tahadhari. Wahenga walisema kuruka majivu na kukanyaga moto.

Jibu la pili halikuitishiwa jopo. Lilikuwa kabatini siku zote, la bei nafuu, na halikuwa na mtu wa kulihoji: diklofenaki.

Hapa ndipo habari inapotoka Marekani na kuingia nyumbani kwetu, na hapa ndipo sina budi kueleza kosa langu.

Baada ya ile simu, ni mimi niliyepewa jukumu la kumtafutia mama mbadala, kwa kuwa ndiye mtoto niliyekuwa karibu na niliyesoma. Niliingia duka la dawa mjini, nikaeleza kwamba natafuta dawa ya viungo yenye nguvu kama ile iliyoondolewa Ulaya na Marekani. Muuzaji hakuniuliza mgonjwa ni nani. Hakuuliza ana umri gani, ana presha au hana, aliwahi kuwa na vidonda vya tumbo au la, anatumia dawa gani nyingine. Aliniuliza swali moja tu: "Unataka kopo zima au vidonge kumi?"

Nilinunua kopo zima. Nikalipeleka Tanga kwa fahari ya mwana aliyetimiza wajibu, na kila nilipokwenda likizo nilipeleka jingine. Goti lilitulia. Mama akaniombea dua. Mwezi wa nne nilipigiwa simu usiku: ametapika kitu cheusi kama masimbi ya kahawa. Hospitalini waliniambia ni damu iliyokaa tumboni. Waliongeza damu chupa mbili, nikatoa moja mimi, moja akatoa jirani. Daktari aliyempokea, kijana mpole, alimwinamia akamuuliza: "Shikamoo mama. Umekuwa ukimeza nini?" Mama akanitazama. Hakusema neno. Kopo lilikuwa mfukoni mwangu.

Simlaumu yule muuzaji peke yake, na silitaji duka, kwa sababu duka lile ni maelfu. Najilaumu mimi niliyekuwa na shahada mbili na nisijue kusoma karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti kwa herufi za ukubwa wa chawa, kwa Kiingereza, lugha ambayo mama hakuijua. Kama mhadhiri wa chuo kikuu alishindwa kumtafutia mama yake mbadala salama, kwa nini tunaendelea kudai kwamba kutafuta mbadala ni kazi ya mgonjwa?

Tumbo tuliliona. Moyo hatukuuona, kwa sababu hakuna aliyetuambia tuutazame. Mwaka 2013 ulichapishwa uchambuzi mkubwa uliojumlisha mamia ya majaribio ya dawa hizi. Ulionyesha kuwa diklofenaki huongeza hatari ya mashambulio makubwa ya moyo na mishipa kwa kiasi cha theluthi moja, sawa na ukoo wa Vioxx. Kwa lugha ya hesabu za mtaani: katika kila watu 1,000 wanaoimeza kwa wingi kwa mwaka mmoja, watatu zaidi hupatwa na tukio kubwa la moyo au mishipa, na mmoja kati ya hao watatu hufa. Ibuprofeni kwa dozi kubwa ilielekea njia hiyohiyo. Naproksini haikuonyesha hatari hiyo kwa moyo, ila ilikuwa miongoni mwa zilizolisumbua tumbo zaidi, na kwa hiyo anayeimeza kwa muda mrefu huhitaji dawa ya kulinda tumbo kama omeprazoli.

Mwaka huohuo utafiti mwingine ulipitia orodha za dawa muhimu za mataifa mbalimbali. Diklofenaki ilikuwemo katika orodha za nchi 74. Naproksini, iliyo salama zaidi kwa moyo, ilikuwemo katika nchi 27 tu. Uingereza ilichukua hatua: tangu Januari 2015 vidonge vya diklofenaki havinunuliwi tena huko bila cheti cha daktari. Mwezi uliopita mimi niliingia maduka matano ya dawa jijini Dar es Salaam, nikaomba diklofenaki katika kila duka. Nilipewa katika yote matano. Hakuna aliyeniomba cheti, hakuna aliyeniuliza kuhusu moyo. Huo si utafiti, na sidai kuwa ni utafiti; ni matembezi ya alasiri moja. Lakini msomaji anaweza kuyafanya katika mtaa wake na kuniandikia alichokiona.

Utata uko hapa. Dunia iliiondoa dawa moja kwa kelele kubwa kwa sababu ya hatari fulani, kisha wagonjwa wakahamia, kwa ukimya, kwenye dawa nyingine yenye hatari inayofanana. Vioxx ilikuwa na mwenye mali mmoja, tajiri, anayeshtakika. Diklofenaki ni mzee asiye na mwenyewe. Hutengenezwa na viwanda vingi katika nchi nyingi. Hakuna wakili atakayejitajirisha kwa kuishtaki, na hakuna seneta atakayepata kura kwa kuiitia kikao. Ulinzi wa mgonjwa uliishia pale fedha zilipoishia.

Najua nitajibiwa. Nimekwisha kujibiwa, kwa kweli, na wanafunzi wangu na na marafiki madaktari, kwa hoja tatu ambazo zinastahili heshima.

Hoja ya kwanza: basi Vioxx ingeachwa, watu wazima wajichagulie hatari yao. Mtu ambaye bila kidonge hawezi kushuka kitandani ana haki ya kusema kwamba yuko tayari kubeba hatari ndogo ya moyo ili atembee. Hoja hii ina uzito, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini uchaguzi huhitaji taarifa, na mama hakuwahi kupewa taarifa wala alipokuwa akimeza Vioxx, wala alipohamishiwa diklofenaki. Alichofanyiwa mara zote mbili ni kuchaguliwa. Wanaotetea uhuru wa mgonjwa waanze kwa kumwandikia mgonjwa huyo maelezo kwa lugha anayoisoma.

Hoja ya pili: mzee avumilie, maumivu ni sehemu ya uzee. Hoja hii huisikii kwa wazee wenyewe. Huisikia kwa vijana, kwa wasimamizi wa bajeti, na kwa bahati mbaya kwa baadhi ya wahudumu wa afya. Asiyeweza kupiga hatua hafiki sokoni, msikitini wala kanisani, hafiki hata msibani. Anakaa ndani, ananenepa, presha inapanda, na moyo ule tuliodai kuulinda kwa kumnyima kidonge unachoka kwa kukosa mwendo. Maumivu yasiyotibiwa nayo ni ugonjwa, ila hayana kaburi la kuhesabika.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: sisi ni nchi maskini, hatuna madaktari wa kutosha, hatuna uwezo wa kumfuatilia kila mwenye goti. Hoja hii nitaijibu kwa mifano miwili, mmoja wa nchi tajiri na mmoja wa jirani.

Mfano wa kwanza ni Uingereza. Kulikuwa na dawa ya maumivu iliyozoeleka sana huko, koproksamoli, mchanganyiko wa parasetamoli na dekstropropoksifeni. Tofauti kati ya dozi ya kutibu na dozi ya kuua ilikuwa ndogo mno, na kila mwaka mamia ya watu walikufa kwa kuizidisha, wengi wao kwa kujiua. Januari 2005 serikali ilitangaza kuiondoa. Angalia namna ilivyofanya: haikuifunga kwa siku moja. Iliwapa madaktari hadi mwisho wa 2007 kuwahamisha wagonjwa wao mmoja mmoja, ikatoa mwongozo wa mbadala, na hata baada ya leseni kufutwa iliacha mlango mwembamba kwa mgonjwa ambaye daktari wake ameridhika kwamba hana kingine kinachomfaa. Vifo vya dawa hiyo vilishuka sana, na watafiti waliofuatilia hawakuona dawa nyingine za maumivu zikichukua nafasi yake katika kuua. Hata hivyo wapo wagonjwa waliolalamika, tena kwa haki, kwamba hakuna mbadala uliowafaa. Sisemi utaratibu ule ulikuwa kamili. Nasema ulikuwa utaratibu. Na sehemu yake kubwa, yaani tangazo la mapema, muda wa kuhama na mwongozo wa maandishi, haihitaji utajiri. Inahitaji mtu ofisini anayejua kwamba baada ya dawa kuondoka mgonjwa anabaki.

Mfano wa pili ni Uganda, na hapa nazungumzia maumivu ya aina nyingine, ya saratani, si ya goti. Lakini swali ni lilelile la kama nchi maskini inaweza kuyashika maumivu ya watu wake mkononi. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha huduma ya Hospice Africa Uganda. Mofini ya kunywa huko hutengenezwa kwa kuchanganya unga wake na maji, kwa gharama ndogo, na hutolewa kwa wagonjwa bure. Madaktari walikuwa wachache, kwa hiyo mwaka 2004, mwaka uleule wa Vioxx, Uganda ilibadili kanuni zake ili wauguzi na maofisa tabibu waliofunzwa huduma hiyo waruhusiwe kuiandika. Fanya hivyo katika dunia ambayo, kwa mujibu wa tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2017, kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Uganda haikungoja iwe tajiri. Iliamua kwamba maumivu ya raia ni shughuli ya serikali.

Sasa niseme ninachokidai, kwa sababu malalamiko bila madai ni kelele.

Kwanza, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na wenzao wa nchi jirani, wasitoe tena tangazo la kuondoa dawa lisilo na sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza iseme dawa gani inaondolewa na kwa nini. Ya pili iseme, kwa Kiswahili cha kueleweka na muuzaji wa duka la dawa muhimu kijijini, wanaoitumia waende wapi, waanze na nini, na nani asiguse nini.

Pili, diklofenaki ya vidonge iuzwe kwa cheti, na cheti kiwe cheti kweli. Najua wapo watakaosema watu watakosa dawa. Basi mbadala wake usogezwe karibu: naproksini pamoja na dawa ya kulinda tumbo iwepo katika hospitali za wilaya, na dawa za kupaka, ambazo huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana kuliko vidonge, ziwe chaguo la kwanza kwa goti na vidole vya mikono.

Tatu, muuzaji wa dawa afunzwe kuuliza maswali manne kabla hajafungua kopo: mgonjwa ana umri gani, ana presha au ugonjwa wa moyo, aliwahi kupata vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, na anameza dawa gani nyingine. Maswali manne ni kazi ya dakika moja. Kama ningeulizwa mwaka 2004, mama asingetapika damu.

Nne, tuache kudhani kwamba mbadala wa kidonge ni lazima uwe kidonge. Hili nililijifunza wodini. Baada ya kuvuja damu, mama alikatazwa jamii yote ya dawa zile. Aliyemsaidia hakuwa na kopo. Alikuwa binti wa fiziotherapia aliyemfunga mfuko mdogo wa mchanga kifundoni na kumfundisha kuunyoosha mguu taratibu, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, ili misuli ya paja ibebe mzigo uliokuwa ukilemea gegedu. Akamwonyesha kuwa fimbo hushikwa mkono wa upande wa pili wa goti bovu. Mama alikuwa ameishika upande usiofaa kwa miaka, na sisi watoto wake tulikuwa tukimtazama tu. Akaongezewa parasetamoli kwa kipimo, akiambiwa wazi kuwa nayo ikizidishwa huua ini. Binti yule alikuwa peke yake katika hospitali nzima. Taifa linalonunua magari ya viongozi lina uwezo wa kuajiri wengine kama yeye.

Mama hakurudi mkekani. Aliswali juu ya kiti mpaka alipofariki mwaka 2011, na sisemi kwamba ni kidonge kilichomuua, kwa kuwa sina ushahidi na siwezi kuwadai wengine ukweli huku mimi nikitunga. Tafiti za 2013 zilipochapishwa alikuwa keshatangulia mbele ya haki. Nilizisoma ofisini usiku, nikahesabu makopo niliyompelekea kabla ya ile simu ya mwezi wa nne. Yalikuwa matatu.

Ndugu msomaji, kama una mzazi anayemeza dawa za viungo, usiisimamishe leo kwa sababu ya makala haya. Mimi si daktari, nimekwisha kusema. Chukua kopo lake, nenda nalo kwa daktari au mfamasia, umuulize yale maswali manne ambayo yeye ndiye alipaswa kukuuliza wewe. Na siku mamlaka itakapotangaza tena kwamba dawa fulani imeondolewa kwa usalama wetu, tuishukuru, kisha tuiulize swali la mama: na goti nalo mmeliondoa?